Rafadha ya Mashua: Jinsi Ilivyopatikana na Jinsi ya Kuichagua

Natumaini mmekwisha kaa, na madaftari yenu yako tayari. Leo katika somo letu la historia hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Tutazungumza habari za kitu kidogo cha chuma kikaacho chini ya maji, nyuma ya mashua ya mota, mahali ambapo abiria hawakioni. Kitu hicho huitwa rafadha. Andikeni neno hilo: ra-fa-dha. Wengine husema parapela, na si kosa, lakini mimi nitatumia neno la mabaharia wa pwani.

Rafadha ina kitovu katikati, na kitovu kina mapanga yaliyopinda, mara nyingi matatu au manne. Injini ikizungusha kitovu, mapanga huyasukuma maji nyuma, nayo mashua huenda mbele. Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Lakini panga liwe refu kiasi gani? Lipinde kiasi gani? Maswali hayo yamewasumbua watu wenye akili kwa muda wa miaka karibu mia mbili. Hata leo mwenye mashua ya kutembelea ziwani siku ya mapumziko, akilijibu vibaya, aweza kuiua injini iliyomgharimu fedha nyingi. Kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Meli za kwanza za moshi hazikuwa na rafadha. Zilikuwa na magurudumu makubwa yenye makasia, moja kila ubavu. Katika mto uliotulia magurudumu yalifanya kazi njema. Baharini mambo yalikuwa mengine. Wimbi likiilaza meli upande mmoja, gurudumu moja huzama na la pili huzunguka hewani bure. Tena, meli ikisheheni makaa magurudumu huenda chini mno, na makaa yakiisha huenda juu mno. Na katika manowari, risasi moja tu ya mzinga yaweza kulivunja gurudumu na kuiacha meli haina mwendo.

Watu waliwaza: je, hatuwezi kutumia parafujo? Ninyi nyote mmeona parafujo ikiingia katika mbao. Kila ikizunguka mara moja, huingia ndani kiasi fulani. Tangu zamani za Wayunani, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, watu walikuwa wakitumia parafujo kubwa ndani ya bomba kupandisha maji, na chombo hicho kikaitwa kwa jina la mtaalamu Archimedes. Ikiwa parafujo yaweza kuyasukuma maji, basi maji nayo yaweza kuisukuma parafujo, na chombo kilichofungwa nayo kikaenda.

Wengi walijaribu. Huko Trieste, katika nchi ya Austria ya siku zile, bwana misitu mmoja aitwaye Josef Ressel alipewa hataza mwaka 1827. Hataza ni hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili mtu mwingine asimwibie kazi yake. Mwaka 1829 aliijaribu meli yake Civetta bandarini. Ilikwenda vizuri kwa dakika chache, kisha bomba la mvuke likapasuka. Polisi wakakataza majaribio yasiendelee. Rafadha yake haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la bomba, lakini kazi ilikwisha hapo.

Sasa nataka tukae kidogo na mkulima mmoja Mwingereza. Jina lake Francis Pettit Smith. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mfuga kondoo, lakini tangu utoto alipenda kutengeneza vijimashua. Alitengeneza kimashua chenye parafujo ya mti iliyozungushwa na springi, akakijaribu katika bwawa la shambani. Kilipokwenda vizuri alipata hataza, tarehe 31 Mei 1836. Mwaka huohuo akaunda mashua kamili yenye injini ndogo ya mvuke, akaiendesha katika mfereji wa Paddington, mjini London.

Parafujo yake ilikuwa ya mti, ndefu, yenye mizunguko miwili kamili, kama parafujo ya kushikia mbao. Smith aliamini kwamba ikiwa ndefu zaidi itayashika maji vizuri zaidi. Nani kati yetu asingewaza hivyo? Lakini siku moja ya mwaka 1837, katika safari mferejini, parafujo ilivunjika na kipande chake kikapotea majini. Smith alitazamia mashua isimame. Haikusimama. Iliongeza mwendo!

Fikirini jambo hilo. Mtu amevunjikiwa na chombo chake, na chombo kinakwenda vizuri kuliko kilipokuwa kizima. Mwingine angeificha habari hiyo kwa aibu. Smith alitengeneza parafujo nyingine yenye mzunguko mmoja tu, na mwezi wa Septemba mwaka huo akaitoa mashua yake baharini, katika pwani ya Kent. Ilipambana na upepo na mawimbi, na maofisa wa manowari wakaiona. Kisha kampuni yake ikaunda meli kubwa, wakaiita Archimedes, ikashushwa majini mwaka 1838.

Wakati huohuo Mswidi mmoja, John Ericsson, alikuwa London na fikira kama hiyo. Alipata hataza wiki sita tu baada ya Smith. Rafadha yake ilikuwa ya magurudumu mawili yaliyofuatana, moja likizunguka kulia na la pili kushoto. Likumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia. Mwaka 1837 aliwafunga wakubwa wa Idara ya Manowari katika chombo chao rasmi, akawakokota katika mto Thames kwa mashua yake ndogo. Walikwenda vizuri, wakashuka, wakakataa. Mkuu wa uundaji wa manowari aliona kwamba chombo kinachosukumwa kutoka nyuma hakiwezi kuongozwa na usukani. Ericsson alihamia Marekani mwaka 1839, na Wamarekani wakampokea.

Lakini Smith alibaki, na Archimedes ikazidi kuwasadikisha watu. Mhandisi mashuhuri Isambard Kingdom Brunel alikuwa akiunda meli kubwa ya chuma, Great Britain, na alikwisha ipangia magurudumu. Mwaka 1840 aliiazima Archimedes kwa miezi kadhaa, akaipima, akabadili shauri. Magurudumu yakaachwa. Great Britain ilivuka bahari ya Atlantiki kwa rafadha mwaka 1845. Rafadha yake ya kwanza ilikuwa na mapanga sita, nayo ilivunjika safarini. Wakatia nyingine yenye mapanga manne. Meli hiyo yaweza kutazamwa mpaka leo katika mji wa Bristol.

Mwaka huohuo wa 1845, tarehe 3 Aprili, Idara ya Manowari ilizifunga meli mbili tezi kwa tezi. Moja, Rattler, ilikuwa ya rafadha. Ya pili, Alecto, ilikuwa ya magurudumu. Zikavutana kama watu wanavyovutana kamba uwanjani. Rattler ikaikokota Alecto kinyumenyume, ingawa magurudumu ya Alecto yalikuwa yakizunguka kwa nguvu zote. Hadithi hii hupendwa sana na vitabu. Mimi naiona kuwa ni tamasha tu, maana injini ya Rattler ilitoa nguvu zaidi siku ile, na tena Idara ilikwisha kuagiza meli nyingine za rafadha. Kazi ya maana ilifanywa kabla ya hapo, wakati Rattler ilipofungwa rafadha za namna nyingi, moja baada ya moja. Walibadili, wakapunguza urefu, wakapima mwendo, wakaandika. Hapakuwa na watazamaji wa kupiga makofi, lakini hapo ndipo elimu ilipopatikana.

Na Smith je? Kampuni yake ilipata hasara. Hataza yake ilipokwisha mwaka 1856 alirudi kulima katika kisiwa cha Guernsey. Baadaye serikali ilimpa kazi ya kutunza jumba la makumbusho ya hataza, na mwaka 1871 akapewa cheo cha heshima cha Sir. Alifariki mwaka 1874. Siku hizo meli za rafadha zilikuwa zimeenea katika bahari zote, naye hakutajirika kwazo.

Miaka ishirini baadaye likatokea jambo jipya. Charles Parsons aliunda Turbinia mwaka 1894, meli nyembamba yenye mtambo wa tabo uzungukao kwa kasi kubwa mno. Alitia rafadha moja. Mtambo ulikuwa na nguvu nyingi, lakini meli ilikataa kukimbia. Parsons akatengeneza birika lenye dirisha la kioo, akaizungusha rafadha ndogo ndani yake, akatazama. Aliona viputo. Panga likizunguka kwa kasi kupita kiasi, maji ya nyuma yake hukosa kanieneo na kugeuka mvuke, kama maji ya chunguni yanavyochemka, ijapokuwa hayana moto. Basi rafadha huzunguka katika mapovu, haishiki kitu. Tena viputo hivyo vikipasuka hula chuma cha panga, kikawa na vijitundu. Parsons aliigawa kazi: mitaimbo mitatu, na kila mtaimbo rafadha tatu, jumla tisa. Mwaka 1897, mbele ya manowari zilizokusanyika Spithead kwa sherehe ya Malkia Victoria, Turbinia ilikimbia maili za baharini 34 kwa saa, na hapana chombo kilichoweza kuifikia.

Sasa tuziache meli kubwa, tuje kwenye mashua ndogo. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekaa Milwaukee, Marekani, alianza kuuza injini ya kutungika nje ya tezi. Hakuwa wa kwanza kuifikiri, lakini yake iliuzwa sana. Injini ya namna hii ninyi mwaijua: yakaa nje, waishika mkono, waigeuza. Namna ya pili ilikuwa injini ya ndani yenye mtaimbo unaopenya chini ya mashua. Hiyo ilikuwa na nguvu, lakini rafadha yake haikunyanyuka, na ikipita penye mwamba huvunjika.

Mhandisi Mmarekani, Jim Wynne, aliziunganisha namna hizo mbili: injini kama ya gari ikae ndani kwenye tezi, na nje uwe na mguu wenye gia na rafadha. Mguu huo hugeuka kulia na kushoto, na hunyanyuka ukigonga kitu. Kampuni ya Volvo Penta ya Swidi iliutengeneza mtambo huo, ikauonyesha New York mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic. Mwaka 1961 Wamarekani wa kampuni ya Mercury wakatoa wao, MerCruiser. Watu wa Marekani huuita mtambo wa namna hii stendraivu. Angalieni: stendraivu haina usukani wa ubao. Huongozwa kwa kuigeuza rafadha yenyewe, nyuma kabisa ya chombo, mahali pale ambapo mkuu wa manowari wa mwaka 1837 alisema hapawezi kuongoza kitu. Na kuanzia mwaka 1982 Volvo Penta walitoa mguu wenye rafadha mbili zizungukazo kinyume, fikira ileile ya Ericsson.

Stendraivu ilileta badiliko jingine. Rafadha ya meli kubwa huchaguliwa na wahandisi na kupimwa birikani. Rafadha ya stendraivu yafungwa kwa nati moja, na mwenye mashua aweza kuibadili kwa dakika chache. Kwa hiyo kazi ya Smith na ya Rattler imemwangukia yeye.

Hebu tujifunze kazi hiyo. Juu ya rafadha utaona namba mbili, tuseme 14¾ x 19. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara lizungushwalo na ncha za mapanga, kwa inchi. Namba ya pili huitwa hatua. Hatua ni umbali ambao rafadha ingekwenda mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa yapita katika mbao, si katika maji. Hatua ya 19 ni inchi 19, yaani sentimeta 48 na kidogo. Kipenyo hufuata ukubwa wa mguu na nguvu ya injini, na mara nyingi hubadilika kidogo tu. Hatua ndiyo ichaguliwayo.

Fanyeni hesabu hii pamoja nami. Injini yazunguka mara 4,600 kwa dakika. Gia zapunguza kwa nusu, basi rafadha yazunguka mara 2,300. Kwa hatua ya inchi 19, ingekwenda kama mita 1,110 kwa dakika, yaani kilometa 66 na nusu kwa saa. Lakini maji si mbao. Ukiipima mashua utakuta yaenda, tuseme, kilometa 58. Upungufu huo huitwa mtelezo, na hapa ni kama sehemu 13 katika 100. Mtelezo wa sehemu 10 mpaka 20 ni wa kawaida kwa mashua hizi. Ukizidi sana, yamkini mapanga yameumia, au mguu umefungwa juu mno na rafadha yavuta hewa.

Basi utachaguaje? Kitabu cha injini kitakwambia injini yako yapaswa kufikia mizunguko mingapi ikipewa mafuta yote. Injini nyingi za petroli za namna hii hutakiwa ziwe kati ya 4,400 na 4,800, lakini fuata kitabu chako. Pakia mashua kama unavyopakia siku zote, watu na mafuta na vyakula, kisha nenda mahali peupe, sukuma wenzo mpaka mwisho, utazame saa ya mizunguko. Ikionyesha pungufu ya kipimo, hatua ni kubwa mno. Ikipita kipimo, hatua ni ndogo mno. Kila inchi moja ya hatua hubadili mizunguko kama 150 mpaka 200. Ukipunguza hatua, mizunguko huongezeka. Ukiongeza hatua, mizunguko hupungua.

Wengi hudanganyika hapa. Husema, nitatia hatua kubwa ili niende mbio. Mfikirieni dereva wa lori lenye mzigo anayepanda mlima kwa gia kubwa kuliko zote. Injini yaunguruma, yatetemeka, lori lasota. Ndivyo ilivyo injini ya mashua yenye rafadha kubwa mno. Haifiki mizunguko yake, joto lazidi ndani ya silinda, mafuta huwaka vibaya na kugonga, na pistoni hupasuka kabla ya wakati. Ubaya ni kwamba huoni kitu. Mashua yaelea, yaenda, watoto wacheka, na huku injini yafa polepole. Hatua ndogo mno nayo ina madhara, maana injini huzungushwa kupita kiasi, lakini hapo angalau sikio lako litakuonya.

Mahali pia pana sauti katika jambo hili. Juu ya milima hewa ni nyembamba, na injini isiyosukumiwa hewa hupoteza nguvu, kama sehemu 3 katika 100 kwa kila mita 300. Wenye mashua katika ziwa Tahoe, Marekani, lililo juu zaidi ya mita 1,800, hulazimika kutumia hatua ndogo kuliko wenzao wa pwani. Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Mashua iliyopimwa Mombasa, ikipelekwa Kisumu au Mwanza, itapungukiwa nguvu kama sehemu moja ya kumi, na yafaa ipimwe upya.

Mapanga manne huyashika maji vizuri zaidi wakati wa kuondoka na katika mawimbi. Matatu kwa kawaida hukimbia zaidi kidogo. Alumini ni rahisi kwa bei na hupinda ikigonga. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu, panga lake laweza kuwa jembamba, nalo hukimbia vizuri zaidi, ila bei yake ni kubwa. Ndani ya kitovu mara nyingi mna mpira, ili rafadha ikigonga mwamba mpira uteleze, gia zisivunjike. Mpira huo ukichakaa, injini hulia na mashua haiendi, na wengi huilaumu injini bure.

Na neno moja juu ya uhai. Mapanga haya hukata mwili wa mtu mara moja. Zima injini kabisa kabla mtu hajaogelea karibu na tezi. Kuweka gia katikati hakutoshi. Dereva na ajifunge kamba fupi ya swichi ya kuzimia injini, ili akianguka majini injini izime, mashua isirudi juu yake. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya Marekani inawalazimisha madereva wa mashua za chini ya futi 26 zenye swichi hiyo kuitumia wanapokwenda kasi. Mimi ningejifunga hata pasipo sheria.

Sasa kalamu mkononi. Mashua ina rafadha ya hatua 21. Imepakia jamaa wote, na wenzo umesukumwa mpaka mwisho, lakini saa yaonyesha mizunguko 4,000. Kitabu chataka 4,400 mpaka 4,800. Dukani mna rafadha za hatua 23, 19 na 17. Atwae ipi?

Aliyeandika 23 amekwenda kinyume, arudie hesabu. Jibu ni 17, maana kwa inchi nne injini itaongeza mizunguko 600 mpaka 800, na kufika kati ya 4,600 na 4,800. Aliyeandika 19 hakukosa sana, lakini injini yake itafika 4,400 kwa shida, na siku akiongeza mgeni mmoja mnene haitafika.